Kutenga kumbukumbu katika programu za zamani za Fortran

Kutenga kumbukumbu kwa mahitaji ni pale programu inapoomba nafasi ikiwa tayari kazini, baada ya kujua data iliyoletwa ni nyingi kiasi gani. FORTRAN 77, toleo la zamani la lugha ya programu ya Fortran, haikuwa na uwezo huo. Ukubwa wa safu, yaani namba zilizopangwa mfululizo chini ya jina moja, uliandikwa kabisa kwenye msimbo, kwa mfano DIMENSION X(500). Mhandisi akija na daraja lenye nodi (pointi za hesabu) 501, ilibidi namba ibadilishwe na programu ipitishwe tena kwenye kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine.

Waandishi wa programu za uhandisi hawakukaa kusubiri. Walitangaza safu moja kubwa, mara nyingi ndani ya COMMON (eneo la kumbukumbu linaloshirikiwa na sehemu mbalimbali za programu), wakaigawa wenyewe kama shamba linavyopigwa vigingi:

COMMON A(20000)
N1 = 1
N2 = N1 + 3*NP
N3 = N2 + NE
CALL PANGA(A(N1), A(N2), NP, NE)

NP (idadi ya nodi) ikiwa 500 na NE (idadi ya vipande vya daraja) ikiwa 800, N2 inakuwa 1501 na N3 inakuwa 2301, yaani nafasi ya kwanza iliyobaki wazi. Fortran kwa kawaida hupeleka anwani ya data, kwa hiyo sabrutini PANGA, yaani programu ndogo inayoitwa kwa CALL, hupokea A(1501) na kuihesabu kuwa mwanzo wa safu yake yenyewe. Kwangu mimi huu ni ufundi wa kuheshimiwa. Anayeuita uchafu hajasoma mistari ile ya N1 na N2, ambayo ndiyo ramani ya programu nzima.

Hatari yake lakini ni kubwa. Namba kamili na REAL (namba ya desimali) huchukua nafasi moja kila moja, DOUBLE PRECISION (desimali yenye usahihi zaidi) huchukua mbili. Ukisahau kuzidisha kwa 2, safu moja inaingia kwenye eneo la jirani. Kompaila za wakati ule zilipitia kila sabrutini peke yake, hivyo kosa halikuonekana. Majibu yalitoka, ila si sahihi.

Fortran 90 ndiyo iliyoleta ALLOCATABLE, safu ambayo ukubwa wake hupangwa programu ikiwa kazini, pamoja na amri za ALLOCATE ya kuitengea nafasi na DEALLOCATE ya kuiachia. Anayekarabati msimbo wa zamani anaweza kuanza na A peke yake na kuviacha vigingi vyote mahali pake. Aiondoe tu kwanza kwenye COMMON na kuihamishia kwenye MODULE (sehemu ya msimbo ambayo data yake hutumiwa na sehemu nyingine), kwa sababu safu ya ALLOCATABLE hairuhusiwi kukaa ndani ya COMMON.