Afisa masuuli wa polisi ni nani, na anaulizwa nini?

Umeibiwa usiku, umekwenda kituoni, umeambiwa gari halina mafuta. Unakasirika, na una haki. Lakini mkuu wa kituo aliye mbele yako huenda anasema kweli. Kituo hakipangiwi bajeti yake na Bunge. Mafuta, matairi, hata karatasi za kuandikia maelezo yako vinategemea fungu moja la bajeti kwa Tanzania nzima: Fungu 28, Jeshi la Polisi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mtu anayejibia fedha za fungu hilo ndiye huitwa afisa masuuli.

Neno hili limetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uleule uliotupa "swali". Masuuli ni muulizwa. Waliokaa madrasa watakumbuka hadithi isemayo kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga; neno ni hilohilo. Basi asichanganywe na mhasibu. Mhasibu huandika hesabu, masuuli hujibu kwa nini zimekuwa hivyo, hata kama hakugusa shilingi kwa mkono wake.

Kwa Jeshi la Polisi Tanzania, masuuli ni Inspekta Jenerali (IGP) mwenyewe. Kenya wamefika hapo juzi tu: Rais William Ruto alitangaza siku ya kuapishwa kwake, 13 Septemba 2022, kwamba fedha za polisi zitoke Ofisi ya Rais ziwe chini ya Inspekta Jenerali. Hoja yake ilikuwa uhuru wa polisi. Anayekushikia mfuko ni vigumu kumchunguza.

Maswali yenyewe yana njia yake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, hukagua, humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, kisha ripoti huwekwa mezani Bungeni. Hapo Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, huweza kumwita masuuli na kumsomea hoja moja moja.

Mfano uliotikisa nchi ni wa mwaka 2016. Jeshi lilikuwa limeingia mkataba wa takriban shilingi bilioni 37 wa kufunga mashine za alama za vidole katika vituo 108. Hoja ya ukaguzi ilikuwa kwamba karibu bilioni 34 zilishalipwa, ilhali mashine zilikutwa vituo 14. PAC ikaudai mkataba wenyewe uletwe mezani, na mvutano wa kuupata ukawa habari kuliko mashine. Kwangu mimi hapo ndipo neno masuuli lilipotoka kwenye vitabu vya Hazina likaingia vijiweni. Watu walijua sasa nani aulizwe.

Na faini za barabarani je? Wengi wanaamini ile 30,000 ya trafiki ndiyo inayoendesha kituo. Sivyo. Inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali na kwenda Hazina. Usumbufu ni kwamba kituo hakifaidiki moja kwa moja. Heri yake ni hiyohiyo. Mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, Marekani, ulitegemea faini kujaza bajeti, na uchunguzi wa serikali kuu uliotolewa mwaka 2015 ukakuta polisi wakisukumwa kuandika faini kwa ajili ya mapato badala ya usalama.

Penye giza zaidi ni michango. Vituo vingi vya kata vimeanza kwa nguvu za wananchi: huyu tofali, yule mifuko ya saruji, mfanyabiashara bati. Fedha hiyo ikikusanywa mkononi haionekani katika Fungu 28, na CAG atapata tabu kuifuata. IGP hawezi kuulizwa tofali asilolijua. Wa kuulizwa ni aliyekusanya, na mahali pake ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu na ndipo mapato na matumizi husomwa. Ukichangia, dai stakabadhi. Siku ya mkutano nenda nayo, unyooshe mkono, uulize tofali zimefika ngapi na bati zimelala kwa nani.