Asterisk ikiwa hewani, je, simu zinapita?

Asterisk ni programu ya seva inayounganisha simu kupitia mtandao. Mafundi wengi huamini kwamba `systemctl status asterisk`, amri ya kuangalia hali ya programu hiyo, ikionyesha kijani, simu zinapita. Imani hiyo ina msingi: programu kweli iko hewani. Ila kijani hicho hakisemi lolote kuhusu sauti. Maelekezo ya SIP, yaani itifaki ya kuanzisha na kukata simu, kwa kawaida hutumia poti 5060. Sauti hupita kando kwa RTP, itifaki ya kubeba sauti yenyewe, mara nyingi poti 10000 hadi 20000. Fayawoli (kinga ya mtandao) ikizifunga poti hizo za sauti, simu italia, itapokelewa, kisha kimya, na taa bado kijani.

Jipimie mwenyewe. Ingia kwa `asterisk -rvvv`, andika `rtp set debug on`, kisha piga namba inayocheza rekodi ndani ya seva. Ukiona mistari ya “Sent” kwenda kwenye simu yako bila “Got” kutoka kwako, sauti yako haifiki.