Miezi Mitatu Ikitimia, Rudi Tena

Wengi wanaokuja kuchangia damu hapa Tabora huletwa na mgonjwa wao. Mama amejifungua, damu haikatiki, ndugu wanaitwa mbio. Wakishatoa, hatuwaoni tena. Siwalaumu, maana mara nyingi hakuna aliyewaeleza kwamba damu haikai ghalani kama mpunga.

Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye jokofu la nyuzi joto 2 hadi 6 hudumu siku 35 hadi 42, kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 tu. Hivyo kampeni kubwa ya siku moja, yenye muziki na fulana, hujaza jokofu kwa muda mfupi. Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, watu hujitokeza. Lakini mtoto wa Kaliua anayeishiwa damu kwa malaria mwezi Januari anamhitaji mtu aliyechangia Desemba, wakati wanafunzi wa sekondari, tegemeo letu kubwa, wako likizo.

Kabla ya kuchangia huwa tunazungumza na mtu faragha kuhusu afya yake. Humo hutoka na mengine. Mstaafu atasema tangu aache kazi hakuna anayemngoja popote. Kijana aliyemaliza shule, ajira hana, atasema nyumbani anajiona mzigo. Watu hawa huambiwa watafute jambo kubwa la kufanya, na ukubwa wenyewe huwakatisha tamaa. Nionavyo, mtu huanza kuona maisha yake yana kazi pale anapokuwa na tarehe ambayo asipotokea, pengo litaonekana. Mchangiaji wa mara kwa mara anayo tarehe hiyo: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Masharti si mazito. Uwe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wingi wa damu wa kutosha, na usiwe mjamzito wala unayenyonyesha. Tunachukua takriban mililita 450, wakati mtu mzima ana kama lita 5 mwilini. Maji yaliyopungua hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, ndiyo sababu hatukuruhusu urudi mapema hata ukiwa na moyo wa kutoa. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Soda na biskuti baada ya hapo ni haki yako, usione haya.

Mzee wa miaka 70 hatumchomi sindano. Ila anaweza kuwa ndiye anayewapigia simu wenzake wa msikitini, kanisani au kwenye kikoba tarehe zao zinapokaribia, na kazi hiyo kwetu ina thamani kubwa kuliko mabango. Asiyefikisha kilo 50 anaweza kumsindikiza jirani mwoga.

Hutajua damu yako ilimfikia nani, na hatutakuambia. Ukimaliza, usiondoke bila kadi yenye tarehe ya kurudi. Ikiangukia wakati una pilikapilika za shamba la tumbaku, tuambie tuisogeze mbele wiki chache. Kurudisha nyuma hatuwezi.