Hitchcock na Hekaya Alizozisuka Mwenyewe

Kabla hajaingia kwenye filamu na kuwa mwongozaji, Alfred Hitchcock alikuwa mchoraji wa matangazo. Aliajiriwa na Henley, kampuni ya London iliyokuwa ikitengeneza nyaya za umeme, na baada ya muda akahamishiwa idara ya matangazo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonisaidia kumwelewa. Uzushi mwingi unaozunguka jina lake, ukiufuatilia ulikotoka, unamkuta yeye mwenyewe mlangoni. Ama aliuanzisha, ama aliusikia akauacha uendelee kwa kuwa ulimuuzia tiketi. Alifariki tarehe 29 Aprili 1980 akiwa na miaka 80, na matangazo yake bado yanafanya kazi.

"Baba yake alimtia mahabusu"

Hii ndiyo hekaya mama. Alizaliwa Leytonstone, mashariki mwa London, tarehe 13 Agosti 1899, kitinda mimba wa William Hitchcock, mfanyabiashara wa mboga na kuku. Siku moja, kwa maelezo ya Alfred, baba alimpa kikaratasi akipeleke kituo cha polisi. Askari akakisoma, akamwingiza mahabusu, akafunga mlango. Dakika chache baadaye akamtoa akimwambia kwamba hivyo ndivyo wanavyofanywa watoto watukutu. Tangu hapo, eti, akawaogopa polisi maisha yake yote, na ndiyo sababu filamu zake zimejaa watu wanaosingiziwa makosa.

Huenda ilitokea. Lakini shahidi ni mmoja tu, na shahidi huyo kazi yake ni kusimulia. Umri wa mtoto ulikuwa ukibadilika kila anapohojiwa. Baba alikufa mwaka 1914, Alfred akiwa kijana mdogo bado, kwa hiyo hakuna mwandishi wa habari aliyepata kusikia upande wake. Hitchcock aliipenda hadithi hii hadi akatania kwamba maneno ya yule askari yaandikwe kaburini kwake. Kaburi lenyewe halipo. Mwili ulichomwa, majivu yakamwagwa katika bahari ya Pasifiki.

"Alikuwa bingwa wa filamu za kutisha"

Muulize mtu akutajie filamu za kutisha za Hitchcock. Ataitaja Psycho, atafuatia na The Birds, kisha ataanza kukuna kichwa. Mbili, katika zaidi ya 50. Nyingine ni za ujasusi, za mapenzi, moja ya ndondi, moja ya vichekesho kuhusu maiti inayozikwa na kufukuliwa kila mara.

Fani yake ilikuwa taharuki, na mfano wake wa kuieleza alimpa mwongozaji mwenzake wa Kifaransa, François Truffaut, katika mazungumzo yao marefu ya mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanapiga soga. Ghafla bomu linalipuka. Watazamaji wanashtuka kwa sekunde 15, basi. Sasa irudie picha hiyo hiyo, ila safari hii watazamaji wamemwona mtu akilitega bomu chini ya meza, wanajua litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasoro robo. Soga ni ile ile ya kipuuzi, lakini aliyekaa kiti cha nyuma anatamani kupaza sauti: jamani, ondokeni hapo! Mshtuko wa sekunde 15 umegeuka dakika 15 za kujikunja kwenye kiti, na hakuna kilichoongezwa isipokuwa kumpa mtazamaji habari mapema kuliko wahusika.

"Psycho ilikuwa filamu kubwa, na ni bafu tu"

Kwa bei za Hollywood, Psycho ilikuwa filamu ya kubana matumizi. Studio ya Paramount haikuipenda hadithi yenyewe, basi Hitchcock akaigharimia, akakubali kutolipwa ujira wake wa uongozaji papo hapo ili apate asilimia 60 ya umiliki. Gharama zilikuwa kama dola 800,000. Akaipiga katika studio za Universal, akiwatumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, watu waliozoea kufanya kazi chapuchapu. Akaipiga kwa nyeusi na nyeupe. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa mdogo, na binamu yangu aliinuka kuigonga televisheni akidhani rangi imekatika. Haikukatika. Ilikuwa nafuu kwa mfuko, na damu nyekundu ingewapandisha mori wakaguzi. Damu yenyewe ilikuwa sharubati ya chokoleti, na ule mlio wa kisu kinachozama mwilini ni kisu kinachozama kwenye tikiti.

Kuhusu bafu, ambamo mhusika anachomwa kisu akioga, hilo ndilo linalokumbukwa, lakini kilichowavuruga watu mwaka 1960 kilikuwa kingine. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: stelingi hafi. Janet Leigh alikuwa nyota anayefahamika. Ndiye tunayemfuata, ndiye aliyeiba dola 40,000, ndiye anayeendesha gari usiku kwenye mvua huku akiwaza atakamatwa lini. Tumeshajipanga kuona kama atazirudisha hela. Kabla filamu haijafika nusu, stelingi kalala sakafuni, jicho wazi, maji yanamiminika. Hela zenyewe zinazamishwa kinamasini pamoja na gari, hata anayezizamisha hajui kama zimo. Ndiyo maana kumbi za sinema ziliagizwa zisimwingize mtu yeyote baada ya filamu kuanza. Anayechelewa angekaa anamsubiri stelingi aliyekwisha kufa! Mlangoni kulisimamishwa picha ya Hitchcock mwenyewe iliyokatwa kwenye ubao, anaonyesha saa yake. Yule kijana wa matangazo wa Henley alikuwa bado kazini.

Tukirudi bafuni: shambulio lenyewe ni la chini ya dakika moja, na upigaji ulichukua wiki nzima. Husemwa kwamba Hitchcock alifungulia maji ya baridi ghafla ili apate ukelele wa kweli. Leigh alilikanusha hilo, akaeleza kwamba maji yalikuwa ya vuguvugu na ukelele ulikuwa uigizaji wake, na sioni kwa nini mwigizaji anyang'anywe kazi yake akapewa bomba. Husemwa pia kwamba aliyeiongoza sehemu hiyo ni Saul Bass, mbunifu wa michoro. Bass alichora mpangilio wa picha, tena kwa ustadi mkubwa, na baadaye akadai kwamba ndiye aliyeongoza. Leigh, aliyekuwa ndani ya bafu hilo, na Hilton Green, msaidizi wa mwongozaji, walisema aliyeongoza ni Hitchcock. Halafu kuna wajuzi watakaokuambia kisu hakimgusi kabisa. Isimamishe video uitazame polepole: kuna fremu chache ambazo ncha iko tumboni.

Dhana iliyo mbali zaidi na ukweli ni kwamba zile fidla zinazolia kama chuma kinachokwaruzana ziliagizwa na Hitchcock. Kinyume chake, alitaka bafuni pasiwe na muziki. Mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, Bernard Herrmann, akautunga hivyo hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, akamsikilizisha. Hitchcock akasalimu amri.

"Rope ilipigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata"

Haiwezekani, kwa sababu rahisi: kamera za mwaka 1948 zilibeba mkanda wa kama dakika 10 tu. Filamu hiyo imeungwa kwa vipande kama kumi. Baadhi ya maungio yamefichwa, kamera inasogea hadi mgongoni kwa mtu, koti linaziba skrini, kisha inarudi nyuma. Mengine ni mikato ya wazi kabisa ambayo watazamaji hawaioni kwa kuwa wameshaambiwa haipo. Kinachostahili kusifiwa ni jasho la mafundi. Kuta za seti zilikuwa zinasogezwa ili kamera ipite, na viti na meza vikavutwa pembeni kimyakimya huku waigizaji wakiendelea kusema.

"Filamu nzima ilikuwa kichwani mwake, hakubadilisha kitu"

Alipenda kusema kwamba filamu ikishaandikwa na kuchorwa imekwisha, kuipiga ni kazi ya kuchosha tu, hata kwenye kamera hana haja ya kuchungulia. Nyaraka zake zimehifadhiwa Margaret Herrick, maktaba ya Akademi inayotoa tuzo za Oscar, na waliozipekua wamemkuta mtu mwingine: anayebadili mpangilio akiwa kwenye seti, anayejaribu, anayekata. Upigaji wa North by Northwest ulianza huku mwandishi Ernest Lehman bado anahangaika na mwisho wa hadithi. Na ile michoro maarufu ya ndege ya kunyunyizia dawa inayomkimbiza mwigizaji Cary Grant shambani ilichorwa baada ya kupiga picha, kwa ajili ya kutangaza filamu.

Televisheni nayo ni vivyo hivyo. Watu wengi wanaamini Alfred Hitchcock Presents ni kazi ya mikono yake mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndiye anayetokea na tumbo lake akiaga na kukaribisha. Katika vipindi 268 vya nusu saa, aliongoza 17. Shughuli za kila siku aliziendesha Joan Harrison, aliyeanza kama katibu wake London.

"Alishinda Oscar kwa Rebecca"

Rebecca ya 1940 ilishinda kama filamu bora, lakini sanamu ilikwenda kwa mtayarishaji, David O. Selznick. Hitchcock aliteuliwa mara tano kama mwongozaji na hakushinda hata mara moja. Mwaka 1968 akapewa tuzo ya heshima, akapanda jukwaani, akashukuru kwa maneno ya kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, akashuka. Nadhani ilimuuma.

"Ndege wa The Birds walikuwa wa bandia"

Baadhi. Wengine walikuwa hai na wamefunzwa, wengine walipachikwa kwenye picha kwa ufundi wa maabara. Muziki hakuna, kelele zile zilitengenezwa Ujerumani kwa trautoniamu, ala ya umeme ya Oskar Sala. Tippi Hedren, kwenye filamu yake ya kwanza kubwa, alikuwa ameahidiwa kwamba katika sehemu ya chumba cha darini watatumia ndege wa mashine. Alipofika akakuta mafundi wamevaa glavu nene na vizimba vya ndege hai. Walimrushia kwa siku tano. Mmoja alimkwaruza karibu na jicho, na daktari akaamuru apumzike.

Mashabiki hulisimulia hili huku wakicheka, kama utundu wa mzee. Mimi halinichekeshi. Hedren ameeleza hadharani, hasa katika kitabu cha maisha yake cha 2016, kwamba Hitchcock alimsumbua kimapenzi, na alipomkataa akatumia mkataba kumzibia njia. Wapo wenzake waliosema hawakuona hayo. Lakini kudai kwamba ni stori zilizotungwa na magazeti ni uongo, maana anayesema ni yeye mwenyewe.

"Kila kitu kilitoka kwake"

Hapa ndipo mtu wa matangazo alipofanikiwa kupita kiasi, hata jina lake likafunika ya wengine wote, la mkewe likiwa la kwanza. Alma Reville alizaliwa siku moja tu baada yake, 14 Agosti 1899. Aliingia kwenye filamu akiwa binti mdogo, na alikuwa tayari mhariri wakati Hitchcock anachora kadi za maandishi ya filamu bubu. Hitchcock mwenyewe alikiri kwamba hakuthubutu kumsemesha mpaka apande cheo. Walifunga ndoa London tarehe 2 Desemba 1926. Jina la Alma limo kwenye uandishi wa Suspicion na Shadow of a Doubt, kisha likaanza kupotea kwenye orodha, ingawa miswada iliendelea kupitia mikononi mwake.

Mwaka 1979, alipotunukiwa na Taasisi ya Filamu ya Marekani, Hitchcock alisema anataka kuwashukuru watu wanne kwa majina: mhariri, mwandishi wa filamu, mama wa binti yake Pat, na mpishi hodari. Wote wanne wakawa Alma Reville.

Psycho ilikuwa imeshahaririwa na imetazamwa na kila aliyepaswa kuitazama. Alma akaitazama pia, akasema haiwezi kutoka hivyo, maiti ya Janet Leigh inameza mate. Masimulizi mengine husema ilipumua, mengine kwamba ilipepesa kope. Kipande hicho kikakatwa. Soma majina mwanzoni mwa filamu hiyo. La Alma halimo.