Resoti moja ya skii au kuzunguka kadhaa? Dhana potofu tunazozisikia Colorado kila msimu

Kila ikifika Oktoba hivi, sisi tunaoishi Denver simu zinaanza kuingia: shemeji wa Texas, rafiki wa Minnesota, binamu anayekuja likizo kutoka Nairobi au Dar. Wote wanataka kwenda milimani kuskii na wote safari wameshaipanga kichwani, siku tano, resoti tano. Au kinyume chake, kuna mtu kamwambia asitoke kabisa pale atakapofikia. Pande zote mbili watu wanarudia maneno waliyoyasikia bila kuangalia barabara, bei na hali ya hewa, afu familia inatumia hela nyingi mno kukaa ndani ya gari huku watoto wanalia. Mimi inaniuma kwa kweli, kwa sababu hii safari kwa wengi wetu ni ya kujichangachanga.

Dhana: Resoti moja utaimaliza kwa siku mbili, ya tatu inaboa.

Ukweli ni kwamba anayesema hivi hajaona ukubwa wa hizi sehemu. Vail peke yake ina ekari 5,317, kuna upande wa mbele unaotazama kijiji, kuna Back Bowls huko nyuma, halafu Blue Sky Basin mbali zaidi, na ukitokea kijijini asubuhi kwenda huko unabadilisha lifti (viti vinavyoning'inia kwenye kamba na kukupandisha mlimani) kadhaa na muda mzuri tu unaondoka. Breckenridge ni vilele vitano vilivyojipanga na vinaitwa kwa namba, Peak 6 mpaka Peak 10. Mtu wa kawaida anayeteleza njia za kijani na bluu, yaani rahisi na za wastani, hawezi kuvimaliza kwa siku mbili hata akimbizane. Kinachoboa mara nyingi si mlima, ni kung'ang'ania lifti ileile iliyo karibu na hoteli kwa kuogopa kupotea. Chukua ramani, siku ya pili anzia upande mwingine kabisa, utadhani umehama resoti.

Resoti ndogo kama Eldora, ile ya jirani na Boulder, ni habari nyingine, hiyo wiki nzima ni nyingi.

Dhana: Kwenye ramani zimekaribiana, tutagonga zote.

Hapa ndo watu wanaumia kuliko pote. Ramani ya simu inakuonyesha mstari, milima haikuonyeshi. Mfano Aspen, watu wanaiona iko karibu na Breckenridge na Vail wanasema tutapitia, lakini barabara ya Independence Pass inafungwa majira yote ya baridi mpaka mwishoni mwa Mei, kwa hiyo kutoka Vail lazima uende kwanza mpaka Glenwood Springs ndo ugeuke kushuka tena kusini, kilomita 160 na ushee, masaa mawili kama barabara ni safi. Aspen na Crested Butte ndo balaa zaidi, kwenye ramani ni majirani kabisa ila katikati kuna milima na barabara ya Kebler Pass nayo inafungwa, unazunguka masaa kibao. Telluride iko kona nyingine kabisa ya jimbo, hiyo ukiitaka ifanyie safari yake peke yake.

Halafu kuna barabara kuu ya I-70. Karibu kila mtu anayetoka Denver kwenda Summit County (eneo la Breckenridge, Keystone na Copper) au Vail anapita barabara hiyohiyo moja, anapita handaki la Eisenhower ambalo liko kwenye mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari, na Jumamosi asubuhi magari yote yanapanda, Jumapili mchana yote yanashuka. Safari ya saa moja na nusu inaweza kuwa masaa manne. Kati ya Copper Mountain na Vail kuna mlima wa Vail Pass, theluji ikikolea polisi wanafunga, na hapo hakuna cha kujadiliana, unasubiri. Na kuna sheria ya tairi: kuanzia Septemba 1 mpaka Mei 31, kati ya Morrison na Dotsero, gari lako liwe na tairi zinazofaa theluji zenye kashata za kutosha, au liwe la kuvuta magurudumu yote nalo likiwa na tairi nzuri, au uwe na minyororo. Gari la kukodi uwanja wa ndege usidhani tu kwamba limekidhi, inama uziangalie tairi kabla hujasaini.

Sasa hesabu asubuhi yenyewe ilivyo. Umelala Frisco, mji wa Summit County, unataka kwenda Vail, simu inasema dakika 35. Ila gari limefunikwa theluji, unakwangua vioo kwanza. Unafika, unatafuta maegesho ya kulipia, unabeba skii za watu wanne begani, unatembea na buti ngumu za plastiki ambazo kisigino hakikunji. Mtoto umeshamvalisha tabaka tatu, glavu, helmeti, kila kitu kimefungwa, ndo anasema anataka choo, unaanza kufungua upya. Unapokaa kwenye lifti ya kwanza ni saa nne na nusu asubuhi na lifti zinafungwa saa tisa na nusu au saa kumi jioni. Ukilala pale pale Vail saa tatu uko juu. Ndo maana nasema kila resoti unayoiongeza inakula masaa, na masaa hayo umeshayalipia kwenye tiketi.

Dhana: Ukishanunua pasi, yaani tiketi ya kuteleza siku nyingi, mlima wowote unaingia.

Hapana. Kuna kambi mbili kubwa za pasi. Epic ni ya kampuni ya Vail Resorts, ilianza 2008, hiyo ndo ya Vail, Beaver Creek, Breckenridge, Keystone na Crested Butte. Ikon ni ya Alterra, ilianza 2018, huko utapata Winter Park, Steamboat, Copper Mountain, Eldora na Arapahoe Basin, na Aspen kwa idadi ya siku walizokuwekea. Breckenridge na Copper wanatenganishwa na safu moja tu ya milima lakini pasi ya huyu haimfungulii yule. Na kuwa makini na ushauri wa zamani, Arapahoe Basin ilikuwa upande wa Epic miaka mingi, ikatoka 2019, ikahamia Ikon, mwisho Alterra wenyewe wakainunua 2024, ila bado utakuta mtu anakwambia nunua Epic ukaone A-Basin.

Wengine wanasema basi nitanunua tiketi dirishani kila mahali. Msimu wa 2024-25 tiketi ya siku moja ya Vail siku za kilele ilipita dola 300, kwa mtu mmoja! Pasi za siku chache ambazo unanunua mapema zinashusha hiyo gharama sana, ila Epic huwa wanafunga mauzo mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo chagua kambi kwanza, resoti baadaye. Mtu anayeamua kuzunguka bila kujua hili analipa mara mbili kwa theluji ileile.

Dhana: Kutembelea kadhaa maana yake kuhama hoteli kila siku.

Hii nayo inawafanya watu waogope bure. Unaweza ukalala sehemu moja na ukateleza tatu. Frisco iko katikati ya Summit County, Copper ni mwendo mfupi upande mmoja, Breckenridge upande mwingine, Keystone na Arapahoe Basin mbele kidogo, na mabasi ya Summit Stage ni ya bure, yanazunguka miji hiyo. Vyumba Frisco mara nyingi vina nafuu kuliko chini kabisa ya lifti. Vifaa kodi duka moja kwa safari nzima, hasa buti, ukishapata buti iliyokukaa usiiachie, maana kupimwa upya kila siku kwenye duka la kila resoti ni saa nyingine imeenda na mguu unaanza kuuma upya.

Kwangu hii ndo safari nzuri kwa mtu ambaye tayari anajua kuteleza, lala pamoja, chagua mlima asubuhi kwa kuangalia upepo na theluji, siyo kwa ratiba mliyoiandika miezi mitatu nyuma.

Dhana: Anayeanza azunguke ili aonje kila mahali.

Jamani hapana. Anayeanza siku ya kwanza yuko kwenye mkeka unaotembea na kamteremko kafupi, na mkeka wa Vail na mkeka wa Keystone ni uleule. Anachohitaji ni mwalimu yuleyule siku mbili tatu mfululizo, ajue njia inakata wapi, ajue pale pa kushuka kwenye lifti pana kona gani, woga umtoke. Ukimhamisha anaanza woga upya kila asubuhi. Keystone kuna njia ya kijani inaitwa Schoolmarm, inatoka juu kabisa ya Dercum Mountain mpaka chini, zaidi ya kilomita tano, na anayeanza akiifikia hiyo siku ya tatu au ya nne akashuka mwenyewe bila kushikwa, atakumbuka hiyo kuliko majina ya resoti tano.

Dhana: Ukikaa sehemu moja huna cha kuhofia.

Kuna viwili. Cha kwanza ni upepo. Juu ya Breckenridge hakuna miti, na lifti ya Imperial inayofika mita zaidi ya 3,900, juu kuliko lifti zote za viti Amerika Kaskazini, upepo ukizidi haifunguliwi. Siku kama hiyo mlima wenye miti ni bora zaidi, na mwenye pasi na basi la bure anahama, aliyefungwa sehemu moja anabaki kwenye foleni za lifti za chini na kila mtu mwingine.

Cha pili ni mwinuko, na hiki watu wa kwetu wanakidharau sana. Mji wa Breckenridge uko mita 2,926, ni juu kuliko Mandara, kituo cha kwanza cha kulala njia ya Marangu kule Kilimanjaro, na ile lifti inakupeleka juu kuliko Horombo ambako wapandaji wanafika siku ya pili. Wewe umetoka kwenye ndege, umeendesha masaa mawili, umelala hapo hapo. Kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi hakuna. Kusema mi nimezaliwa Nairobi haisaidii kihivyo, Nairobi ni kama mita 1,800 tu. Usiku wa kwanza lala Denver, mita 1,609, kunywa maji, pombe iache, afu panda kesho yake. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, mshushe na umpeleke hospitali usiku huohuo, usisubiri asubuhi.

Dhana: Ulaya ni mambo yaleyale.

Huko swali lenyewe linabadilika, kwa sababu sehemu nyingi resoti zimeunganishwa kwa lifti. Ufaransa, Courchevel, Méribel na Val Thorens ziko kwenye mtandao mmoja wa Les Trois Vallées, njia kilomita 600, unalala kijiji kimoja, unakula mchana kingine, gari hujaligusa. Italia kuna Sellaronda, mzunguko wa kama kilomita 40 ukijumlisha na lifti, unaizunguka milima ya Sella ukipita Val Gardena, Alta Badia, Arabba na Val di Fassa siku hiyohiyo, alama za rangi ya chungwa kwa anayezunguka kufuata mshale wa saa, za kijani kwa anayeenda kinyume. Ndugu zetu walioko Ujerumani au Uswisi wakisema wametembelea nne kwa siku moja wanasema kweli. Ila anza kabla ya saa nne asubuhi na njiani usikae sana mgahawani, maana lifti ya mwisho ikifungwa ukiwa bonde la mbali, kurudi ni kwa teksi, na teksi inazunguka mlima mzima.