Biblia kuukuu za ngozi: ninachoangalia kabla ya kutaja bei

Shule zikifungwa Aprili na Agosti, watu wakishuka mashambani, simu yangu hujaa picha za Biblia. Kubwa, nyeusi, za Kiingereza, zenye vifungo vya shaba ubavuni na kingo za kurasa zilizopakwa dhahabu. Ujumbe unaofuata picha haubadiliki sana: "Fundi, hii ni ya 1611, ilikuwa ya babu. Inaweza kununua ploti Mamboleo?"

Haiwezi. Na karibu kila mara si ya 1611.

Mimi hujalidi na kutengeneza vitabu vikuukuu hapa Kisumu, na Biblia za ngozi ndizo ninazokusanya mwenyewe. Leo nataka kueleza jinsi ninavyozisoma kabla hata sijazifungua, kwa sababu nimeona familia zikitunza kwa wivu kitabu ambacho Uingereza kimejaa tele, huku kile kijitabu chembamba kilichochakaa, ambacho ndicho adimu, kikiwashiwa moto wa jikoni.

Tuanze na huo mwaka. Tafsiri ya Mfalme James ilichapwa mara ya kwanza London mwaka 1611 na Robert Barker. Mbele yake kulikuwa na barua ya kumtukuza mfalme, na barua hiyo imerudiwa katika chapa zisizo na idadi tangu wakati huo, hadi zile za karne ya 20. Mtu akifungua na kukuta jina la Mfalme James, anadhani ameshika kitabu cha wakati wa mfalme mwenyewe. Toleo la kwanza lenyewe ni kitabu kikubwa mno, kimepigwa chapa kwa herufi nzito za Kigothi zinazochosha macho, na ndani yake mna vitabu vya Apokrifa. Ikiwa herufi za Biblia yako zinasomeka vizuri kama za gazeti, umekwisha kujibiwa.

Njia za kukadiria umri ziko nyingi, na mimi hutumia zile zisizohitaji darubini. Mpaka karibu mwaka 1800 wachapaji wa Kiingereza walitumia s ndefu inayofanana na f. Ikiwepo kurasa nzima, kaa chini, tuzungumze. Picha za mchoraji Mfaransa Gustave Doré zinasema kitabu ni cha 1866 au baadaye. Karatasi nyembamba sana, ngumu, isiyopitisha wino upande wa pili, ile ya Oxford, ilianza kutumiwa kwa Biblia mwaka 1875. Maandishi ya tafsiri iliyosahihishwa kwa Kiingereza (Revised Version) yanatupeleka baada ya 1881 kwa Agano Jipya na 1885 kwa Agano la Kale. Na ukurasa wa jina ukiwa umepotea, usikate tamaa: tafuta ule wa Agano Jipya katikati ya kitabu, kwa kuwa mara nyingi nao una mwaka wake.

Wapo wanaotafuta makosa ya chapa. Maarufu kuliko yote ni Biblia ya 1631, iliyoacha neno moja katika amri ya saba na kuwaamuru Wakristo wazini. Barker na mwenzake Martin Lucas walitozwa faini ya pauni 300, na nakala nyingi zikaharibiwa. Nimeshaulizwa kama inaweza kupatikana kwenye soko la Luanda, kule Vihiga. Luanda unaweza kupata vitu vingi.

Sasa ngozi. Hapa ndipo ninapochukua muda mrefu, na wateja wengine hukasirika kwa vile sijafungua hata ukurasa mmoja.

Jambo la kwanza ni kujua kama ni ngozi kweli. Angalia kona iliyolika. Ukiona nyuzi zilizopishana kwa mpangilio, hicho ni kitambaa kilichopakwa rangi na kugandamizwa mpaka kikapata uso wa ngozi. Ngozi halisi ikichanika huonyesha nyuzinyuzi zilizochangamana ovyo, hazina mshororo. Biblia nyingi za mashuleni na za misheni ambazo watu huapa kwamba ni za ngozi ni za kitambaa. Hilo si tusi kwa kitambaa. Katika hali ya hewa ya ziwani mara nyingi kimedumu kuliko ngozi duni.

Ikiwa ni ngozi, ni ya mnyama gani? Ya mbuzi ndiyo mfalme wa majalada. Mbuzi ambaye hapa kwetu tunamfahamu zaidi akiwa juu ya makaa, Ulaya alipata heshima ya kuvalishwa Neno. Ngozi yake ina vinundu vidogo vigumu, inapinda bila kupasuka, na jalada zuri la mbuzi la miaka 150 linaweza kufunguka leo bila kulalamika. Ya kondoo ni laini na rahisi, lakini tabaka lake la juu huachana na la chini, kwa hiyo utaona maganda yakibanduka kwenye uti wa kitabu. Wachapaji waliotaka bei ya chini waliipasua ngozi ya kondoo kuwa tabaka mbili na kutumia ile nyembamba ya juu. Ngozi ya ndama haina vinundu, hupokea mapambo ya dhahabu vizuri mno, ila maungo ya jalada hukatika mapema. Ya nguruwe utaitambua kwa vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu. Kwenye Biblia za Kiingereza zilizofika huku si ya kawaida.

Kuna mtindo mmoja naupenda: jalada laini ambalo kingo zake zinashuka na kufunika kurasa pande zote. Unaitwa Yapp, kwa jina la William Yapp, muuza vitabu wa London aliyetaka Biblia ya kutia mfukoni isikunjike kona. Wahubiri waliotembea kwa miguu walizipenda, na ndizo ninazokuta zimechoka zaidi.

Halafu kuna ugonjwa. Mtu anafungua kitabu, anakirudisha mezani, anaona shati lake jeupe limejaa vumbi jekundu kama la matofali. Huo unaitwa uozo mwekundu. Ngozi ya zamani ilitengenezwa kwa kulowekwa katika maji ya magome na majani yenye tanini, dutu chungu inayoifanya ngozi isioze, na tanini hizo hazilingani. Zile za kichaka kiitwacho sumac na za mwaloni hustahimili. Zile za miwati na baadhi ya miti ya Amerika hunyonya gesi ya salfa hewani kwa urahisi zaidi, ikageuka asidi ndani ya ngozi, na asidi hiyo ikaila mpaka ikawa unga. London ya karne ya 19 ilikuwa na makaa ya mawe kila chumba na taa za gesi juu ya rafu za vitabu. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Society of Arts ya London iliunda kamati maalumu, na ripoti yake iliyochapwa 1905 ililaumu utengenezaji wa ngozi pamoja na moshi wa gesi. Wanaotoka Uasin Gishu wanaijua miwati vizuri, kwa kuwa mashamba makubwa ya miti hiyo kuzunguka Eldoret yalipandwa kwa ajili ya magome ya viwanda vya ngozi. Hayo yalikuja baadaye, hayakuzihusu Biblia za enzi ya Victoria, lakini kila nikishika jalada linalomwaga unga ninaiona ile miti.

Uozo huo haurudi nyuma. Unaweza tu kuuzuia usichafue zaidi, kwa kupaka aina ya selulosi iliyoyeyushwa katika spiriti, kidogo kidogo, kwa brashi laini. Maji ni adui: ngozi ya namna hiyo ikilowa hugeuka nyeusi na kukakamaa. Rangi ya viatu, mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, yote haya nimeyakuta juu ya Biblia na yote yameacha madoa na mnato unaovuta vumbi. Hata ile dawa ya lanolini na nta iliyosifiwa na maktaba kubwa zamani, wahifadhi wengi wameiacha.

Ukishajua haya utaelewa kwa nini Biblia kubwa ya kifamilia ya Kiingereza hainisisimui. Zilichapwa kwa wingi wa ajabu karne ya 19, karibu kila nyumba iliyojiweza ilitaka moja sebuleni, na watu hawatupi Biblia. Huko Uingereza nyingi huuzwa chini ya pauni 100. Shaba na dhahabu vinapendeza, nakubali, lakini kitabu chenyewe mara nyingi hakikusomwa. Kurasa za Zaburi ziko safi!

Kinachonifanya nisimamishe boda ni kingine. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Waquaker wakafika Kaimosi 1902, Waanglikana wakafungua Maseno 1906, na mwaka huohuo Waadventista wakaanza Gendia, ambako baadaye waliweka mtambo wa chapa. Kila misheni ilitaka Maandiko katika lugha ya watu wake. Agano Jipya la Luragoli likatoka 1925, la Dholuo 1926. Wakalenjin walipata Biblia nzima kwa Kinandi mwaka 1939. Biblia nzima ya Luragoli ni ya 1951, ya Dholuo ni ya 1953. Kwa Kiswahili kulikuwa na ile ya Unguja ya 1891, ya Kimvita ya 1914, ya mmisionari Mjerumani Karl Roehl ya 1937, kisha Union Version ya 1952 ambayo wengi wetu tumekaririshwa mistari yake.

Nyingi nilizoziona zilitoka kiwandani na jalada la kitambaa, na chache ndizo za ngozi. Zilisomwa mpaka zikaisha. Zilibebwa mvuani, zilipitishwa mkono kwa mkono, moshi wa koroboi ukazipaka, mchwa wakachukua sehemu yao, na wazee wengine walizikwa nazo. Ndiyo maana Agano Jipya la Dholuo la 1926 lililo kamili ni adimu kuliko Biblia ya Kiingereza ya 1826.

Nikipata moja, ngozi naiangalia mwisho. Naanza na kurasa tupu za mbele na za nyuma. Wazee wengi walizaliwa kabla vyeti vya kuzaliwa havijafika vijijini, na Biblia ndiyo iliyokuwa rejista: majina ya watoto, siku ya ubatizo, mwaka wa njaa, nani alilipa ng'ombe wangapi wa mahari na nani bado anadaiwa. Kisha natafuta uchafu wa kidole gumba. Ukingo wa Mathayo ni mweusi? Warumi je? Mambo ya Nyakati kwa kawaida haina hata alama. Hapo unamjua msomaji kuliko picha yake ingeweza kukuambia.

Kwa hiyo, tafadhali, usipeleke kwa mtu akuvishie jalada jipya linalong'aa. Ukifanya hivyo kurasa za mwanzo zitakatwa, kingo zitapigwa kisu, na uti wa zamani utatupwa. Hata ule mshono wa fundi viatu, uzi mnene uliopita kwenye uti kwa sindano ya kiatu, mimi siutoi ikiwa bado unashika. Ni sehemu ya maisha ya kitabu, na kwa kweli baadhi ya mafundi hao walishona vizuri kuliko viwanda. Ninachotoa ni selotepu, kwa kuwa gundi yake hugeuka njano na kula karatasi.

Kuhusu kuhifadhi, Nakuru mna bahati ya hewa kavu zaidi. Sisi wa ziwani adui yetu ni unyevu. Ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu huota. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, na sanduku la bati lililowekwa sakafuni hutoa jasho. Funga kitabu kwa kitambaa cha merikani kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, kilaze bapa ikiwa ni kizito, kiwe mbali na ukuta wa nje na mbali na jua. Kisogeze na kukikagua mara kwa mara wakati wa mvua za masika, kwa sababu mende na wadudu wa karatasi hufuata gundi ya unga iliyo kwenye uti. Mikono safi na mikavu inatosha, glavu hazihitajiki. Usikivute kutoka kwenye rafu kwa kukishika kichwa cha uti, na usikilazimishe kulala wazi kabisa. Weka mto kila upande.

Na ukinunua, nunua kwa ukoo, usinunue kwa kijana mmoja anayetaka nauli ya Nairobi. Nimekataa Biblia nzuri kwa sababu hiyo. Ukurasa wa majina unaweza kuwa ushahidi pekee wa nani ni mtoto wa nani, na siku mambo ya shamba yatakapofika kwa chifu, shangazi watakuja kukutafuta. Sharti langu ni kwamba kurasa zote zilizoandikwa kwa mkono zipigwe picha, nakala zibaki nyumbani, na mzee mmoja aliye hai asome majina hayo kwa sauti huku mtu akiandika maelezo pembeni.

Mwenye lile Agano la Dholuo la 1926, au la Luragoli la 1925, hata likiwa limebaki nusu na halina jalada, naomba aniandikie. Sitaki kulinunua kwanza. Nataka kuona jinsi lilivyoshonwa.