Je, wajua kwa nini mahindi yasiyotozwa ushuru hukwama mpakani?

Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula iliwaandikia maofisa wa forodha kuwataka wasitishe uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vilionyesha kiwango cha sumukuvu kilichozidi kile kinachokubalika. Malori yakapanga foleni Namanga, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 16 tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze kazi Januari 2005, na mahindi ya Tanzania hayakuwa yakidaiwa hata shilingi moja ya ushuru kuingia Kenya. Ikiwa ushuru ulishaondoka, ni nini basi kilichoyazuia?

Mkataba wa forodha unapofuta ushuru haufuti haki ya nchi kulinda afya ya walaji wake. Pale ambapo zamani mfanyabiashara alilipa fedha, sasa anatakiwa kutoa uthibitisho: cheti cha uasilia kinachoonyesha kwamba zao limelimwa katika nchi mwanachama, cheti cha afya ya mimea kinachoonyesha kwamba halina wadudu waharibifu, na hati kwamba linakidhi kiwango cha ubora. Ushuru mtu anaweza kuulipa peke yake akiwa na fedha mfukoni, lakini uthibitisho hawezi kujitengenezea, kwa sababu unahitaji maabara, mpimaji aliyefunzwa, shirika la viwango ambalo jirani analiamini, na mkulima aliyekausha zao lake ipasavyo miezi kadhaa kabla ya lori kupakiwa. Kwa maoni yangu, utayari wa nchi inayoendelea kuingia katika soko la kikanda umo humo hasa, ingawa tunapoujadili huwa tunahesabu zaidi mikataba iliyotiwa saini.

Ibara ya 3 ya Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, inataja mambo yanayotazamwa nchi inapoomba uanachama, yakiwemo utawala bora, ujirani wa kijiografia, uchumi unaoendeshwa kwa nguvu za soko na sera zinazowiana na za Jumuiya. Kwa vigezo hivyo waliingia Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Hakuna kigezo kinachouliza nchi inaweza kupima nini, na kwa haraka gani.

Sumukuvu ni sumu inayozalishwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine, shambani wakati wa ukame au ghalani penye unyevu. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni. Ukitaka kuelewa udogo wa kipimo hicho, chukua semitrela iliyobeba tani 30: sumukuvu yote inayoruhusiwa ndani ya shehena hiyo ni gramu 0.3. Tena sumu haisambai sawasawa, bali hukusanyika kwenye punje chache, kiasi kwamba gunia moja linaweza kuwa safi na la pili yake likawa limechafuka. Ndiyo maana kuchoma bambo, chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, kwenye magunia mawili ya juu hakutoshi. Sampuli lazima zitoke sehemu nyingi za shehena, zichanganywe, zisagwe, ndipo zipimwe.

Sasa twende wanakolima. Sehemu kubwa ya mahindi yanayofika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hutoka kwa wakulima wadogo wa Dodoma na Manyara, na wengi wao hupima ukavu kwa kung'ata punje: ikilia kwa mlio mkavu, zao limekauka. Kipo kipimo kingine cha bei nafuu ambacho mabwana shamba hukifundisha, nacho ni kutia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, kutikisa, kisha kuacha itulie kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi. Njia hii inasaidia, ila inashtuka pale unyevu unapozidi asilimia 15 hivi. Kati ya 13.5 na 15 mkulima anabaki gizani, na mahindi anayoyaamini kuwa makavu yanaweza kuwa yameshavuka kiwango kinachotakiwa upande wa pili wa mpaka. Anayeanika juu ya ardhi tupu badala ya turubai anaongeza hatari, kwa kuwa kuvu hao wamo udongoni.

Hofu ya Kenya haikuwa ya kubuni. Mwaka 2004 sumukuvu iliua zaidi ya watu 100 katika maeneo ya Makueni na Kitui, na mwaka 2016 Tanzania yenyewe ilizika watu huko Dodoma na Manyara kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo, barua moja inayofunga soko kwa nchi mbili nzima kwa siku moja, bila kutofautisha shehena safi na chafu, si namna ambayo wanachama wa soko moja wanapaswa kutendeana. Na ilifanya kazi kwa urahisi kwa sababu wengi wa waliokuwa kwenye foleni hawakuwa na karatasi ya kuijibu.

Waanzilishi wa Jumuiya hii walijua kwamba utayari haulingani. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na miongoni mwa sababu zake ni malalamiko kwamba Kenya, yenye viwanda vingi zaidi, ilikuwa ikinufaika kuliko wenzake. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa kukumbuka hayo, mwaka 2005 bidhaa za Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kuingia Kenya bila ushuru mara moja, huku baadhi ya bidhaa za Kenya zikiendelea kutozwa ushuru uliopungua mwaka hadi mwaka, ukaisha mwaka 2010. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini ile miaka 5 ilikuwa ya kujiandaa kwa ushindani wa viwanda. Haikuwa ya kumwandaa mkulima wa mahindi wa Kiteto, mkoani Manyara.

Tahadhari ya Tanzania katika mambo mengine ya Jumuiya ina msingi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaacha suala la ardhi kwenye sheria za kila nchi, na naona ni sahihi. Ninachotilia shaka ni amri ya Tanzania ya mwishoni mwa Julai 2025 inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ukiwemo ununuzi wa mazao shambani. Kilio cha mkulima anayenunuliwa mazao kwa bei ya kutupa na dalali mwenye fedha taslimu ni cha kweli. Ila dalali raia naye hununua mahindi yasiyokauka, naye hufunga lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonwa kichuguu, ambalo haliingii katika mizani yoyote ya kuaminika.

Namanga yenyewe imebadilika. Tangu Desemba 2018 kituo cha huduma kwa pamoja kimekuwa kikifanya kazi rasmi, maofisa wa nchi mbili wakikaa jengo moja, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hupewa cheti rahisi cha uasilia palepale. Hayo ni maendeleo ya kweli kwa mama anayevusha magunia machache. Lakini sumukuvu ikishaingia kwenye punje haiondoki kwa kukausha upya wala kwa kupika, kwa hiyo kipimo cha Namanga kinaweza tu kuliambia lori lipite au lirudi. Kinachoweza kuliokoa zao ni kipimo cha unyevu kinachofanyika mwezi wa sita au wa saba, juu ya turubai, mamia ya kilomita kutoka mpakani, kabla gunia halijashonwa.